Muheza hadi Amani kwa baiskeli ya mtumba

Wanaoniuliza namna ya kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa baiskeli huanza na miguu: wafanye mazoezi gani, ya muda gani. Mimi huwaambia waanze na friwili, yaani ile seti ya meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita 32 hivi, lakini ugumu wake haukugawanyika sawasawa. Kilomita 25 za mwanzo, mpaka lango la Hifadhi ya Asili ya Amani pale Sigi, zinapanda taratibu katikati ya michungwa na mashamba ya watu, na baiskeli yoyote nzima inafika. Sigi iko mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, Amani iko mita 900. Mita hizo 450 unazimaliza ndani ya kilomita 7, kona juu ya kona, msituni. Hapo ndipo watu hushuka wakasukuma, na mara nyingi kosa si la miguu.

Baiskeli za milima za mtumba, za ringi inchi 26, nyingi huja na meno 42, 34 na 24 mbele, na friwili ya meno 14 hadi 28 nyuma. Kwa tairi la upana wa inchi 1.95, ukiweka 24 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 1.75. Kupiga mizunguko 60 kwa dakika ni mwendo wa kilomita 6.3 kwa saa, na kwenye mlima ule huwezi kuushikilia kwa saa nzima ukiwa na mzigo. Mizunguko inashuka, unalazimika kusimama juu ya pedeli. Ukisimama, uzito unahama mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na linazunguka bure juu ya kokoto. Unaweka mguu chini, na kuondoka tena kwenye mwinuko ule ni kazi.

Nilibadilisha friwili nikaweka ya meno 14 hadi 34. Mzunguko mmoja ukawa mita 1.45, mwendo kilomita 5.2 kwa saa, na niliweza kukaa kwenye tandiko kutoka Sigi hadi juu kwa saa moja na dakika ishirini, bila kuhesabu mapumziko. Mabadiliko hayo yana mambo matatu ambayo fundi akiharakisha huyasahau. Cheni lazima iongezwe pingili 4, la sivyo siku utakapoweka meno makubwa mbele na makubwa nyuma itajikaza na kuvunja kibadili gia. Kibadili gia chenyewe kiwe cha mkono mrefu, na ile skrubu ndogo inayokisukuma nyuma ikazwe mpaka kigurudumu cha juu kisiguse meno ya friwili. Tatu, cheni ya zamani haikai kwenye friwili mpya. Pima pingili 24 kwa rula: zikiwa nzima ni milimita 304.8. Zikizidi 306, nunua cheni nyingine, maana hiyo itaruka meno wakati unapokanyaga kwa nguvu zaidi.

Tairi sasa. Mimi nina kilo 72 na mzigo wa kilo 8. Kwenye lami kutoka Tanga hadi Muheza najaza psi 45 (psi ni kipimo cha presha ya upepo ndani ya tairi). Nikifika Muheza naitoa hadi 35 nyuma na 30 mbele, nami siigusi tena mpaka nirudi kwenye lami. Upepo mwingi kwenye changarawe unafanya baiskeli irukeruke juu ya vijituta vya barabara, mikono inachoka kabla ya miguu. Ukishusha chini ya 25 na una tyubu ndani, jiwe moja linaibana tyubu kwenye kingo za ringi na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili hivyo, usitafute mwiba. Tatizo ni upepo mdogo. Kidole gumba hakipimi tofauti ya 25 na 35. Kama pampu yako haina kipimo, azima yenye kipimo siku moja, hesabu mikupuo, uandike kwa kalamu kwenye pampu.

Tundu moja ni mwiba, na kwetu Tanga mwiba wa kuogopwa ni ncha ya jani la mkonge. Ukipita karibu na mashamba ya mkonge, ncha hizo kavu zinalala barabarani, nyeusi, ngumu kama sindano ya gunia. Zinaingia kwenye raba na kukatikia ndani, kipande kikabaki kisichoonekana. Watu hubadilisha tyubu, wakaenda mita mia tano, pancha tena. Pitisha pamba au kitambaa laini ndani ya tairi lote, pole pole. Mahali kinaponasa ndipo penye kipande. Kukigusa kwa kidole ni kujichoma.

Kiraka hakitaki haraka. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao wa tyubu uondoke, eneo lizidi kiraka kidogo, paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Bondeni dakika 5 zinatosha. Juu, kwenye ukungu wa Amani, nasubiri 10, kwa sababu hewa yenye unyevu inachelewesha kukauka. Ukibandika solusheni ikiwa bado inang'aa, kiraka kinafura katikati na kuachia ukianza kushuka. Ndiyo maana nabeba tyubu mbili nzima, na viraka vinabaki kuwa akiba.

Kuhusu majira: Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na upande ule wa Usambara unaotazama bahari hauna mwezi mkavu kabisa. Masika, Machi hadi Mei, usiende. Januari na Februari ni nzuri, halafu kuanzia Juni barabara inashikamana. Udongo mwekundu ukiloa kidogo tu ndio mbaya kuliko ukiloa sana: unanata kwenye tairi, unazoa majani na kokoto, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Pima nafasi hiyo kabla ya kuondoka. Kidole chako cha shahada kisipopita kati ya tairi na fremu, weka tairi jembamba zaidi. Ukikwama, tafuta kijiti, usiendelee kulazimisha, maana tope linasaga rangi na kukwaruza fremu.

Naondoka Muheza saa 12 asubuhi, Sigi nafika kabla ya saa 3, Amani saa 5. Maji lita 3 tangu mwanzo. Pale Sigi kuna nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ya enzi za reli ya Wajerumani. Ndiyo kituo cha taarifa cha hifadhi sasa, na ndipo mahali pazuri pa kupumzika na kukamilisha malipo ya kuingia. Kaa dakika ishirini, kula kitu. Baada ya hapo panda upande wa kushoto kabisa hata kama njia nzuri iko katikati. Kengele iwepo. Bodaboda zinazoshuka na magunia huzima injini kuokoa mafuta, kwa hiyo husikii kitu mpaka iko mbele yako kwenye kona. Mimi hupiga kengele kabla ya kila kona isiyoonekana, kupanda na kushuka.

Kushuka ndiko kunakohitaji maandalizi kuliko kupanda, na hapa naomba msomaji asinipuuze. Raba za breki zilizobaki chini ya milimita 3 zibadilishwe Muheza, si kesho. Barabara ikiwa na unyevu, mchanga unaingia kwenye mifereji ya raba. Zitoe uziangalie: utaona chembe za mawe, na kando yake vipande vidogo vya alumini vinavyong'aa, vilivyochunwa kutoka kwenye ringi. Vichokonoe kwa ncha ya kisu, kisha ukwangue uso wa raba kwa msasa. Usipofanya hivyo, breki zitakuwa zinakula ringi, na ringi iliyolika ikawa nyembamba inaweza kupasuka kwa presha ya tairi.

Usishikilie breki moja kwa moja kilomita nzima. Ringi inapata joto, solusheni ya kiraka inalainika, tyubu inapasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, bana tena. Kila kilomita 2 nasimama, nagusa ringi kwa mgongo wa mkono: ikichoma, nasubiri ipoe, na wakati huo nazungusha kile kirekebishi cha waya kwenye mkono wa breki nusu mzunguko, kwa kuwa raba zimekwisha kidogo na mkono unaanza kukaribia usukani.

Ukifika chini baiskeli imejaa tope na mto Zigi uko pale pale, maji safi, yanavutia. Tafadhali usiioshee humo. Mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayofika mabombani Tanga mjini. Grisi na mafuta ya cheni yataishia kwenye ndoo ya mtu. Acha tope likauke, lipigepige kwa brashi, osha nyumbani kwa ndoo moja na kitambaa. Kisha kausha cheni kabisa, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pingili, zungusha pedeli dakika mbili na ufute yaliyobaki nje. Oili chakavu ya gari usitumie: inashika vumbi, na safari ijayo cheni itakuwa msasa.