Ala ya kisu kidogo: namna ya kuichagua kwa kazi za pwani na shamba

Kaa pwani asubuhi vyombo vinapoingia, utazame visu. Kimoja kimevingirishwa tambara, kingine kimechomekwa kati ya kikoi na ngozi ya tumbo, kingine kimo ndani ya ala ya plastiki iliyopasuka nchani. Na vyote vimenolewa vikali kama wembe. Watu huhangaika na jiwe la kunolea nusu saa nzima, lakini pa kukiweka kisu hawapafikirii kabisa.

Hapa nazungumzia kisu kidogo cha kazi, chenye bapa la inchi 3 hadi 5, kile ambacho mvuvi, mkwezi, mkulima wa mwani au mtu wa shamba anakuwa nacho mwilini kutwa. Panga lina mambo yake.

Anza na ncha. Makali hukata yakiburutwa, lakini ncha inaingia kwa kusukumwa tu, na mtu anayekaa ndani ya ngalawa, anayeinama kuvuta nanga, anayeruka kutoka chomboni, anaisukuma kila mara bila kujua. Kisu kikiwa mfuko wa mbele wa suruali, ncha inatazama paja, na mshipa mkubwa wa damu wa mguu unapita kinenani na kushuka upande wa ndani wa paja. Ndiyo maana ala ya kitambaa, ya turubai au ya ngozi laini ya mkoba haifai, hata ikishonwa kwa ustadi gani. Jaribio lake ni jepesi: tia kisu ndani ya ala, isimamishe juu ya ubao laini, kandamiza mpini kwa uzito wa mkono, kisha tazama ubao. Ukikuta alama ya ncha, ala hiyo usiinunue. Kiganja chako usikifanye ubao.

Ala ya ngozi inapendeza, na kwa kazi za nchi kavu ni nzuri kweli. Tafuta ngozi ngumu, nene milimita 3 hadi 4, iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti. Ukiikata ukingoni utaona ukahawia mpaka katikati. Ngozi nyingi za mikoba na makochi zimetengenezwa kwa chumvi za kromu, na ukizikata mara nyingi utaona rangi ya kijivu au buluu kwa ndani. Hizo ni laini, hazishiki umbo la kisu, na mdomo wake hulala kila unapochomoa, hivyo unaporudisha kisu ncha inapapasa mahali pa kuingia.

Halafu geuza ala utazame mshono, maana hapo ndipo mafundi wengi wanapokatisha njia. Ala iliyokunjwa vipande viwili na kushonwa ukingoni inayaweka makali juu ya uzi moja kwa moja. Kila unapochomoa kisu unakata nyuzi kidogo kidogo, mpaka siku moja bapa linatokeza ubavuni huku mkono wako umeishika ala palepale. Ala sahihi ina kipande cha tatu: ukanda mwembamba wa ngozi, upana wa milimita 8 hadi 10, uliowekwa katikati ya kuta mbili upande wa makali, kuanzia mdomoni hadi nchani. Makali yanagota kwenye ukanda huo, mshono unabaki salama nyuma yake. Unauona kwa macho: ukingo wa ala utakuwa na tabaka tatu badala ya mbili. Uzi uwe wa nailoni uliopakwa nta, mishono iachane milimita 4 au 5, na ishonwe kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unashika. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja unaanza kufumuka.

Na hata ala iwe imeshonwa vizuri kiasi gani, unapochomoa kisu ishike upande wa mgongo wa kisu, kamwe usiizungushie vidole upande wa makali.

Kwa baharini, ngozi naikataa. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye ngozi, maji yanakauka lakini chumvi inabaki, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Huku kwetu wakati wa masika hewa yenyewe ni maji, kwa hiyo ala hiyo haikauki tena. Wengi hujitetea kwamba kisu chao ni stenlesi. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba sana unaojitengeneza juu yake kwa kukutana na oksijeni. Kibane ndani ya ala yenye chumvi na maji, mahali hewa haifiki, utando ukichubuka haujijengi upya. Matokeo yake ni vitundu vidogo vyeusi, hasa karibu na makali, ambavyo havitoki kwa msasa wa juu juu. Kisu cha chuma cha kawaida, kama hivi vinavyofuliwa kwa misumeno mibovu, kinageuka chekundu usiku mmoja.

Kwa mvuvi, basi, ni plastiki ngumu. Zile zinazouzwa pamoja na kisu huwa nyembamba, na kibanio chake cha mkanda ndicho kinachovunjika kwanza. Afadhali utengeneze mwenyewe kwa bomba la maji la PVC. Bomba likibanwa likawa bapa, upana wake unakuwa karibu mara moja na nusu ya kipenyo, hivyo kwa bapa la upana wa inchi 1 bomba la inchi 1 linatosha. Kata urefu wa bapa, ongeza inchi 2: moja ya kufunga nchani, nyingine ya kumeza mwanzo wa mpini.

Kabla ya moto, chonga kigezo cha mbao chenye umbo la kisu, kisha kizungushie tepu ya umeme mara mbili au tatu. Unene huo wa tepu ndio nafasi ambayo kisu kitapitia. Anayetumia kisu chenyewe kama kigezo huishia na ala inayokibana hata hakitoki, na ncha inakuwa imekwaruza plastiki ingali laini. Mwanzo wa mpini uchonge vilevile katika kigezo, kwa sababu ala hushika kisu kwa kubana mpini, siyo kwa kubana bapa.

Pasha bomba juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, wewe ukiwa upande upepo unakotoka. Liwe juu kiasi cha shibiri moja, uligeuze bila kusimama. PVC huanza kulegea ikipita nyuzi joto 80, kwa hiyo haihitaji kuonja ulimi wa moto. Ikianza kugeuka rangi au kutoa moshi umezidisha: moshi huo una asidi ya hidrokloriki, unachoma kifua, na hata chuma kilicho karibu kinaota kutu. Ikishalegea kama ngozi mbichi, ingiza kigezo, weka kati ya vibao viwili, kandamiza kwa goti, na umwagie maji kwa dakika moja. Sehemu ya nchani ipashe tena peke yake uibane kabisa, lakini acha mwanya wa kutoa maji, au toboa tundu la milimita 5 au 6 mahali pa chini kabisa. Mdomo uupanue kidogo nje, kama mdomo wa mrija wa tarumbeta, ili kisu kijiongoze chenyewe kuingia. Malizia kwa msasa, hasa ndani ya mdomo.

Pa kufungia, tumia uzi wa nyavu uliopitishwa kwenye matundu. Ribiti za alumini ni nafuu na zinavutia, lakini alumini, chuma na maji ya chumvi vikikutana alumini ndiyo inayoliwa, na utaikuta imegeuka unga mweupe.

Sasa kushika. Pindua ala kichwa chini, mpini ukitazama ardhi, utikise kwa nguvu mara kumi. Kisu kisisogee. Halafu chovya mkono kwenye maji yenye utelezi wa samaki, ukichomoe kwa mkono mmoja. Kikigoma, ala inabana mno. Pasha mdomo tena kidogo. Mambo haya mawili yanavutana, na kazi yako ndiyo inayoamua upande wa kuegemea. Mkwezi aegemee kushika. Kisu kikimponyoka akiwa juu ya mnazi, chini yake kuna mtu anayekusanya madafu. Yeye aongeze kitanzi cha mpira wa ndani wa baiskeli juu ya mpini, na kamba fupi kutoka mpini hadi mkanda. Ala yake ikae nyuma ya kiuno, mdomo ukiinuka kuelekea mkono anaoutumia, kwa sababu mbele ndiko anakokumbatia mti.

Mvuvi aegemee kuchomoa. Siku mguu umenasa kwenye kamba ya nanga au wavu, mkono mmoja utakuwa umeshika chombo, na hujui ni upi. Kwa hiyo ala yake ikae mbele, pembeni kidogo ya kitovu, imelala mshazari, mikono yote miwili iifikie. Wazee waliovaa jambia katikati ya tumbo walivaa kwa heshima na mapambo, lakini mahali penyewe ni pale pale. Jaribu ukiwa umefumba macho: mara tano kwa mkono wa kulia, mara tano kwa wa kushoto. Kamba ya shingoni isitumike kwenye nyavu wala majini, labda iwe na kiungo chepesi kinachokatika kwa kuvutwa.

Kina mama wa mwani wanahitaji kitu kingine kabisa. Wao wamo majini kwa saa nyingi wakati wa bamvua, wameinama, wamejifunga kanga, hakuna mkanda wala mfuko. Kinachofaa ni kisu cha inchi 3 chenye ncha iliyosagwa ikawa butu, kwani kukata tai tai, vile vikamba vya kufungia mwani, na kamba hakuhitaji ncha, na ala fupi ya plastiki kwenye kamba ya kiunoni juu ya kanga, ikiwa na uzi wa kukizuia kisu kisizame. Ncha ikishakuwa butu, nusu ya matatizo ya ala yanaondoka.

Nimeuacha mfuko mwishoni kwa sababu ndio unaopendwa na ndio wenye makosa mengi. Kisu kinaweza kubebwa mfukoni kwa usalama, kwa masharti. Mfuko huo uwe wa kisu peke yake. Ufunguo au sarafu hupenya kwenye mdomo wa ala na kuinua kisu, na simu inakisukuma ukikaa. Ala ibaki mfukoni kisu kinapotoka; ikifuatana nacho, umeshika kitu usichoweza kukitumia. Ili ibaki, kwaruza nje yake kwa msasa mkali au izungushie mpira wa baiskeli ili ishikane na kitambaa, na chini yake iwe pana kuliko juu ili isijipindue. Njia ya uhakika zaidi ni kamba fupi kutoka ala hadi kitanzi cha mkanda wa suruali. Mfuko wa nyuma usifikirie. Ukikaa, plastiki inapinda na baada ya miezi inapasuka, nawe umeikalia. Mfuko wa kanzu nao ni mwepesi mno, kisu kinaning'inia na kukupiga pajani kila hatua.

Kurudisha kisu ndiko kunakoumiza watu wa mfukoni. Usikipapasie kisu ndani ya mfuko kukitafutia ala. Itoe ala nje, kitie kisu ukiwa unaona, mpaka usikie kimekaa, kisha rudisha vyote viwili pamoja. Ala ya kiunoni nayo itazame: gusisha mgongo wa kisu kwenye ukuta wa mdomo, ukiteleze chini, vidole vya mkono wa pili vikiwa mbali na mdomo.

Kwa mwenye shoto, aangalie kitanzi cha mkanda kabla ya kulipa. Ala nyingi za ngozi zina upande mmoja tu, na ukiigeuza makali yanatazama tumbo.

Jioni kisu na ala vilale mbalimbali. Suuza vyote viwili kwa maji baridi, siyo ya bahari, na ala uisukutue ndani mara mbili, kwa sababu chembe za mchanga zilizobaki humo hufanya kazi ya msasa na kuua makali kila unapochomoa. Kipanguse kisu, kipake mafuta ya nazi kidogo. Mafuta ya cherehani yaache kwa visu visivyogusa chakula. Ala itundike mdomo chini. Asubuhi mimina maji ndani yake kabla ya kutoka: yasipochuruzika mara moja, magamba ya samaki yameziba tundu, nalo huzibuliwa kwa chelewa moja ya ufagio.