Vitu Vyake Vitangulie

Bibi alikubali mbwa aje nyumbani kwa sharti moja. Alilitamka mbele yetu sote baada ya swala ya Alasiri, bado amekaa kwenye mkeka wake: vitu vya mbwa vitangulie, mbwa afuate. Chombo chake, mwiko wake, sabuni yake, mahali pake pa kulala. Kikikosekana kimoja, mbwa abaki alikozaliwa.

Ulikuwa mwaka 2011, Bombo, mji wa Wanubi na wa jeshi, yapata kilomita 35 kaskazini mwa Kampala, kwenye barabara ya kwenda Gulu. Kwetu Kinubi na Kiswahili vilipishana katika sentensi moja, na Kiganda tulikitoa sokoni. Bibi alifuga kuku na mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Usiku mmoja wa mvua wezi walikata uzio wakaondoka na mbuzi wawili, mmoja akiwa na mimba. Mjomba wangu, dereva wa lori, akasema rafiki yake wa Entebbe ana mbwa jike aliyezaa, na kwamba angeweza kutuletea mtoto mmoja wiki ileile.

Kuhusu tohara, yaani usafi wa ibada, Bibi alikuwa mtu wa madhehebu ya Shafi bila kuyumba. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mjomba akaleta hoja ya Imamu Malik, wa madhehebu mengine, kwamba kwake mbwa aliye hai si najisi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu, hayo ya Malik nayaheshimu,” alisema. “Lakini mimi hapa naswali, na watoto wanatambaa. Sitaki kila siku niwe naulizana na wanawake jikoni ni sufuria gani imelambwa. Mnunulieni vyake. Mimi sitamuudhi, naye hataniudhi.”

Kufuga mbwa wa kulinda mifugo hakukumsumbua, maana alijua hadithi inamruhusu mwenye mifugo na mwenye shamba. Kilichomshughulisha kilikuwa mipaka. Na mimi, niliyekuwa nikifanya kazi Kampala na kurudi Bombo jioni, nikapewa fedha na jukumu la kununua.

Kabla sijanunua hata kamba, nilimwita daktari wa mifugo aliyekuwa na duka la dawa karibu na soko letu. Nilitaka anitajie vitu. Yeye alianza kwa kutembea uani, akiangalia chini.

“Hajati,” alimwuliza Bibi, “hapa palishawahi kufa mtoto wa mbwa?”

Palishakufa. Mpangaji wa vyumba vya nyuma alikuwa na mbwa mdogo aliyeharisha damu na kutapika, akafa kabla ya mwezi wa Ramadhani uliotangulia. Daktari akatikisa kichwa. Kwa dalili hizo, alisema, alishuku ugonjwa wa parvo, na kirusi cha parvo hakifi kirahisi: kwenye udongo wa kivulini kinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka. Mtoto wa mbwa asiyekamilisha chanjo akinusa mahali hapo, anaugua. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye karatasi yangu kikawa Jik, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, galoni nzima.

Alitufundisha namna ya kuitumia, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Sakafu isuguliwe kwanza kwa maji na sabuni mpaka uchafu wote uondoke, kwa sababu uchafu huidhoofisha dawa. Kisha Jik kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikae juu ya saruji dakika 10, ndipo isuuzwe. Udongo wenyewe hauoshiki. Ndiyo maana akasema mtoto huyo akae kwenye baraza ya saruji mpaka chanjo zake zikamilike, asiguse upande ule wa uani kabisa. Bibi aliposikia habari za kusugua na kusuuza, alimkubali daktari yule papo hapo. Walikuwa watu wa namna moja.

Daktari alimzuia pia Mjomba kuharakisha. Mtoto alikuwa na wiki 5 tu. Aachwe kwa mama yake mpaka afikishe 8, alisema, maana ni kwa kucheza na ndugu zake ndipo mbwa hujifunza kuzuia meno. Anayeondolewa mapema huuma bila kipimo, na nyumba hii ina watoto. Mjomba hakufurahi. Mimi nilifurahi sana, kwa kuwa wiki hizo zilinipa nafasi ya kutafuta vitu kwa utulivu.

Dawa nilizifuata Container Village, pale Nakivubo mjini Kampala, kwenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Dawa ya minyoo ndiyo iliyoongoza. Mtoto wa mbwa hupata minyoo kwa mama yake, tumboni na kwenye maziwa, hata awe ametunzwa vipi. Kwa hiyo hupewa dawa kila wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, halafu kila mwezi mpaka nusu mwaka, na kipimo hufuata uzito wake. Minyoo hiyo huweza kumwingia binadamu pia, hasa mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni. Lakini mayai yake hayaambukizi siku ileile yanapotoka. Huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo. Kwa hiyo koleo dogo la kuzolea kinyesi kila asubuhi, pamoja na shimo lenye kifuniko, lilikuwa tiba sawa na kidonge. Nililinunua siku hiyohiyo, la mpini mrefu.

Muuzaji mmoja alinishauri nichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe.

“Dada, hii ndiyo wanayotumia wote. Kamua kidogo kwenye ndoo, mwogeshe, basi.”

Daktari alikuwa ameshaniambia nitakutana na ushauri huo. Dawa hizo hutengenezwa kali ili zichanganywe na maji mengi kwa ajili ya mnyama wa mamia ya kilo, na kwa mtoto wa mbwa wa umri ule hazifai. Nilichukua chanuo la meno membamba, la kuchania kupe na viroboto, na sabuni ya kawaida isiyo na manukato. Kupe wanyonyao damu wanaweza kummaliza mbwa kwa homa. Nami naona jicho la mtu anayemkagua kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, linafaa kuliko chupa isiyo na kipimo.

Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma Kampala, nilikwenda kwa ajili ya chombo. Masufuria mepesi ya dukani mbwa huyabinua akikanyaga ukingo, maji yakamwagika, akashinda na kiu mchana kutwa. Nilitaka bakuli zito, pana chini kuliko juu. Mafundi wa Katwe hawahitaji maelezo mengi: nilichora chini kwa kidole, kijana mmoja akakata bati nene, akakunja, akachomelea, na kabla ya Adhuhuri nilikuwa na mabakuli mawili, la maji na la chakula, kingo zake zimesuguliwa zisikate ulimi. Sufuria ya kupikia chakula chake na mwiko wake nilivinunua njiani. Bibi alivifunga utepe mwekundu wa kitambaa ili asije mtu akavichanganya, akavitundikia msumari wake nje ya jiko.

Soko la Owino, Kampala, nilinunua blanketi mbili za mitumba, za pamba, zisizo na nyuzi ndefu za kutafuna. Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu aliyelelewa Uganda analijua. Yupo nzi wa maembe, ambaye hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini na kwenye udongo uliochafuka kwa mkojo na kinyesi. Funza wake huingia chini ya ngozi na kunenepa humo mpaka pavimbe kama jipu. Ndiyo sababu tunapiga pasi nguo zote, hata za ndani, hata soksi. Mbwa humpata vibaya sana kwa kulala chini. Basi Bibi aliwasha pasi ya mkaa akazipiga blanketi zote mbili, upande huu na upande huu, akizikunja kwa uangalifu uleule anaotumia kwa kanzu za marehemu babu. Niliposema kazi hiyo nitaifanya mimi, alikataa.

“Ataumwa ndani ya ua wangu,” alisema. “Nitaulizwa mimi.”

Banda lilitusumbua kuliko vyote. Seremala alikuja na mbao nzuri, akapiga fremu, akainua sakafu juu ya matofali ili unyevu usipande na hewa ipite chini. Juu ya paa la bati akaongeza nyasi, maana bati tupu mchana hugeuza banda kuwa tanuri. Hadi hapo sawa. Kisha akatoa kopo la oili chafu ya gari, akitaka kupaka mbao zote dhidi ya mchwa. Ni desturi yetu, na kwa uzio ni sawa. Lakini mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna kila ubao anaoufikia, na oili ile ni sumu. Tukabishana kidogo. Mwishowe mbao ziliachwa tupu, na matofali yakaachwa wazi ili njia ya mchwa ikianza kujengwa ionekane na ifagiliwe.

Mahali pa kuliweka banda Bibi alipachagua mwenyewe: karibu na lango, mlango wake ukitazama njia. Alitukumbusha watu wa pangoni katika Suratul Kahf, na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa yule pamoja nao, alisema, na mahali pake palikuwa mlangoni. Nimesikia waadhi nyingi juu ya sura hiyo, lakini sijaona mwingine aliyeitumia kupimia mahali pa matofali.

Mkanda wa shingo ulishonwa na fundi viatu wa Bombo, wa ngozi laini, wenye matundu mengi kwa kuwa shingo ingekua. Kipimo chake: vidole viwili viingie kati ya mkanda na shingo. Kamba nilitaka ya katani iliyosokotwa, nikaipata, ikatiwa kishikizo cha chuma mwishoni. Mnyororo nilikataa. Mbwa wa kulinda anayefungwa mnyororo tangu utotoni hujifunza kuchukia, na nilikuwa nimeona wa namna hiyo mitaani kwetu.

Kilichobaki kilikuwa chakula. Nilimpigia yule rafiki wa Mjomba kumwuliza mtoto analishwa nini kule. Posho laini, yaani ugali, na mukene waliosagwa, wale dagaa wadogo, alijibu, na maziwa kidogo. Kama angekuwa analishwa kingine, ningenunua hicho kwanza na kumbadilisha polepole kwa wiki nzima, maana tumbo la mtoto wa mbwa likigeuziwa chakula ghafla huharisha, na huwezi tena kujua kama ni chakula au ni ugonjwa. Mukene nilinunua wasiotiwa chumvi. Wale wanaoanikwa mchangani hubeba mchanga, kwa hiyo huoshwa mara kadhaa kabla ya kukaushwa tena na kusagwa. Makombo ya mezani Bibi aliyapiga marufuku kwa sababu ya najisi ya vyombo kurudi na kwenda. Daktari akayapiga marufuku kwa sababu ya vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vikali. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na mbwa akapona kwa zote mbili.

Siku ya kumchukua, Mjomba alibeba katoni lenye magazeti chini na kitambaa. Kitambaa hicho tulikuwa tumekituma Entebbe mapema, kilale pamoja na mama na watoto wote, kishike harufu yao. Hakulishwa kabla ya safari. Alifika kabla ya Magharibi, mweusi, kifua cheupe, hakutapika. Akanywa maji kwenye bakuli la Katwe, halikubinuka. Bibi akampa jina Kitmiri, ndilo jina ambalo masimulizi humpa mbwa wa pangoni.

Usiku wa kwanza alilia. Nikajaza chupa maji ya vuguvugu, nikaizungushia kile kitambaa, nikamwekea pembeni. Alilia tena kidogo, akanyamaza.

Alipotimiza miezi 3, ofisi ya mifugo ya wilaya ilileta chanjo ya kichaa cha mbwa karibu na soko. Nilikwenda naye, na Bibi akaja kwa miguu yake, kadi ya chanjo za awali ikiwa kwenye mkoba wake. Ugonjwa ule dalili zikishaonekana kwa mtu hakuna tiba, na Bibi aliwahi kumzika mtoto wa jirani kwa sababu hiyo. Hakutaka kusimuliwa kwamba mbwa amechanjwa, alitaka kuona sindano. Watoto walijipanga na mbwa wao. Wengine waliwafunga kwa kamba za migomba, mmoja kwa waya wa umeme uliokwisha kukata shingo. Mbwa yule alijinyonga kila alipovutwa, hakuna aliyeweza kumshika, na mchanjaji akaanza kusema arudishwe nyumbani.

Bibi alimwambia mchanjaji asubiri. Kitmiri alikuwa ameshapata yake. Akaniamuru nimvue mkanda na kamba, nimbebe mikononi, na mkanda na kamba nimpe mtoto mwenye mbwa yule wa waya. Tundu la mwisho lilimtosha. Mbwa akatulia, akachomwa, akaandikiwa kadi.

“Baki nao,” Bibi alimwambia mtoto. “Waya huo utupe.”

Jioni nikatumwa kwa fundi viatu kuagiza mwingine.