Siku moja kwenye chumba cha panya wa kisukari

Tunajaribu dondoo la majani kwa panya wenye kisukari, tuone kama linashusha sukari.

Saa 12:00 asubuhi. Tunaondoa chakula, maji yanabaki. Panya wetu hufunga kwa muda wa saa 6 tu. Kumfungisha usiku kucha panya ambaye kisukari kimeshamkondesha ni kupima njaa, si dawa. Maranda nayo yanabadilishwa sasa hivi. Yamelowa mkojo na yana makombo, na panya akiyatafuna makombo hayo, mfungo umekwisha. Aliyepungua uzito kwa asilimia 20 anatolewa kwenye jaribio.

Saa 2:00. Mizani. Dondoo la majani tunalikoroga kwa nguvu tatu: miligramu 20, 40 na 80 kwa mililita. Hivyo dozi za miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo zote zinanyweshwa kwa ujazo uleule, mililita 5 kwa kilo. Panya wa gramu 210 aliye kundi la 200 anahitaji miligramu 42, yaani mililita 1.05. Wasiopewa dawa nao hunyweshwa maji matupu kwa ujazo huo, maana hofu ya kushikwa peke yake hupandisha sukari. Glibenklamidi, dawa ya kisukari ya vidonge, haiyeyuki vizuri majini. Chupa isipotikiswa kila unapovuta, panya mmoja anapata maji, mwenzake machicha.

Saa 6:00 mchana. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Tuna panya 36, makundi sita, na damu inachukuliwa kila baada ya dakika 30. Hata kwa dakika moja kila panya, zamu ya pili inafika ya kwanza haijaisha. Kwa hiyo tunapima 12 kwa siku, wawili kutoka kila kundi, tukiwaachanisha kwa dakika mbili. Ukipima kundi zima leo na jingine kesho, utakuwa umelinganisha siku, si dawa.

Tone la kwanza la mkiani linafutwa, la pili ndilo la mashine. Spiriti ikauke kwanza, na mkia usikamuliwe: majimaji ya nyama huchanganyika na damu, sukari ikasomeka chini. Kisha dozi. Sindano butu ya kunyweshea hupimwa nje kwanza, toka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, halafu inaachwa iteleze yenyewe. Ikigoma, itoe. Maji yakitoka puani, dondoo limeingia mapafuni.

Saa 6:30 glukosi, gramu 2 kwa kilo, kisha vipimo vya dakika 30, 60, 90 na 120. Kundi la kutazamwa zaidi ni la wagonjwa wasiotibiwa. Aloksani, moja ya kemikali za kumpa panya kisukari, hasa ina tabia ya kuacha baadhi ya panya wapone wenyewe. Bila kundi hilo, mti wowote utasifiwa.

Saa 10:00 jioni. Chakula kimesharudishwa. Panya wapya wanachomwa streptozotosini, kemikali nyingine ya kuwapa kisukari, miligramu 55 kwa kilo, ndani ya bafa ya sitreti (maji yanayoshikilia kiwango cha uchachu) yenye pH 4.5. Inachanganywa dakika hiyohiyo, kwenye barafu, mbali na mwanga. Ikikaa inaoza, na sukari haitapanda.

Saa 12:00 jioni. Waliochomwa wanawekewa maji ya glukosi asilimia 5. Seli za kongosho zinapokufa humwaga insulini yote kwa mpigo, na asiyenywa kitu kitamu anaweza kukutwa amekufa alfajiri. Vizimba vya wagonjwa wa zamani vinapata chupa mbili za maji. Moja haifiki asubuhi.