Madereva bodaboda wa kijiweni kwetu

Jamani, vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu hapa Uyole, Mbeya, wana utaratibu ninaoupenda sana. Zamu ikifika, wanapaki pikipiki na kwenda kuchangia damu. Safari hii niliungana nao. Nesi alinitoboa kidoleni kupima wingi wa damu, akaniuliza kama nimekula, ndipo nikajilaza. Mfuko ulikuwa ukijaa huku ukichezacheza juu ya kimzani kidogo. Hata robo saa haikufika, nikapewa soda na biskuti. Kijana aliyelala kitanda cha pili, koti la baridi bado mwilini, akaniambia, "Dada, usiku mimi ndiye nawabeba wajawazito. Nikiwaacha pale mlangoni, roho inabaki nao."

Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, mradi awe na kilo 50 au zaidi. Damu ikitunzwa kwenye friji hudumu kama siku 35 tu, kwa hiyo inahitajika mwaka mzima, hasa shule zikifungwa, maana wachangiaji wengi ni wanafunzi.

Ndugu zangu wa Mwanjelwa, Mafiati na Soweto, kituo cha kanda cha kuchangia damu kipo hapahapa jijini. Kunyweni chai kwanza, mje.