Jina la fundi

Jana saa tano na robo usiku nimewasilisha makala yangu ya kwanza kwenye jarida la kitaaluma. Watu wote nyumbani walikuwa wamelala. Nilibonyeza, ukurasa ukazunguka muda mrefu, kisha ukaja ujumbe kwamba makala imepokelewa na imepewa namba. Nikabaki naitazama ile namba.

Makala imetoka kwenye tasnifu yangu ya umahiri kuhusu msamiati wa mafundi wa vyombo vya baharini wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Tasnifu ilikuwa na kurasa 148. Jarida linataka maneno yasiyozidi 7,000, na marejeleo yamo humo humo. Miezi miwili nilikata huku nikakata kule, kila sehemu ikabaki fupi na dhaifu, mpaka mwalimu wangu akaniambia: "Tasnifu inaonyesha kuwa umesoma. Makala inajibu swali moja. Chagua swali, mengine yaache yalale." Majina ya sehemu za chombo, mkuku, mataruma, tanga na foromali, yote nikayaacha. Nikabaki na kalafati.

Kalafati ni kuziba mianya baina ya mbao. Pamba inasokotwa, inatiwa mafuta, inashindiliwa kwa patasi na nyundo mwanya baada ya mwanya, ndipo chombo kipakwe deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini. Fundi aliyenifundisha alikuwa anainamisha sikio kila akipiga. Alisema pamba ikikaa vizuri, mlio unabadilika. Kila mlio una namna yake ya kutajwa, na swali langu lilikuwa hilo: mafundi wanayaitaje yale wanayoyasikia?

Kila neno nililikagua kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, kwenye kamusi ya BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) ya 2010, na kwenye ile kubwa ya padri Sacleux ya 1939, ambayo maelezo yake ni ya Kifaransa, nikisoma pole pole na rafiki yangu anayeijua lugha hiyo. Sacleux aliishi pwani yetu miaka mingi, na maneno ya bahari kwake ni tele. Usiku mmoja nikiwa naisoma ndipo swali liliponijia: ni nani aliyemtamkia maneno haya? Alikuwa amekaa wapi, chombo gani kikiwa mbele yake?

Nikaona aibu kubwa, kwa sababu na mimi nilikuwa karibu kufanya vile vile.

Nilipokwenda Nungwi mara ya kwanza nilichukua fomu ya ridhaa tuliyopewa chuoni. Nikamsomea mzee mmoja, bingwa wa kazi hiyo, nilipofika kwenye kipengele cha kuficha majina akanikatiza.

"Jina langu hutoliandika?"

"Hapana mzee. Tutalificha, kwa usalama wako."

"Kwani mie nimeiba nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ndio utaratibu, akatia saini. Kwenye tasnifu akawa "Mtoa taarifa wa 4".

Sasa jarida nalo lina kuficha kwake. Wapitiaji wawili watasoma bila kujua mimi ni nani, wala mimi sitawajua. Nimelitoa jina langu ukurasa wa kwanza, nimeondoa shukrani, nimelifuta hata kwenye sifa za faili, ambako kompyuta hulihifadhi bila kukuuliza. Tasnifu yangu nimeitaja kwa neno "Mwandishi" na mwaka tu. Naukubali utaratibu huu kwa moyo wote. Mtoto wa mvuvi asomwe kwa hoja zake sawa na profesa. Lakini jina langu litarudi siku makala ikitoka. La yule mzee lingebaki namba 4 milele, na maarifa ni yake.

Siri ya mtafitiwa ina mahali pake. Aliyehojiwa kuhusu maradhi yake, au mateso ya ndoa yake, lazima alindwe. Fundi anayeeleza ufundi aliourithi kwa babu yake ni bingwa, na bingwa hutajwa.

Kwa hiyo kabla ya kuwasilisha nilipanda gari nikarudi Nungwi na fomu mpya, nimeshazungumza na mwalimu wangu na kamati ya maadili ya utafiti. Fomu ilikuwa na swali moja: unataka kutajwa kwa jina? Kati ya mafundi sita, wanne walisema ndiyo. Mmoja alisema hapana, ana sababu zake, nami nimeziheshimu. Wa sita nilimkuta ameshafariki, Mungu amrehemu. Mwanawe alinikaribisha chai, tukazungumza sana, lakini ridhaa ya kutajwa ilikuwa ya baba peke yake kuitoa. Huyo ndiye aliyekuwa akiinamisha sikio. Amebaki "Mtoa taarifa wa 2", na hilo linaniuma kila nikiifungua makala.

Jarida linatumia OJS, mfumo wa kuendesha majarida mtandaoni ulioanza Kanada mwaka 2001, na kuwasilisha ni kwa hatua. Nyingi zilikwisha haraka: kupakia faili, ikisiri (muhtasari) kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno msingi, kuthibitisha. Iliyonichukua saa nzima ni ile ya kisanduku kidogo cha maelezo kwa mhariri. Niliandika kwamba majina manne yaliyomo ndani ni ya mafundi walioridhia kwa maandishi, na kwamba mpitiaji akitaka yafichwe, naomba niandikiwe kwanza ili niwaulize wenyewe.

Leo asubuhi nimempigia mzee, yule aliyeniuliza ameiba nini. (Hapa silitaji jina lake. Ruhusa aliyonipa ni ya makala.) Nimemwambia nimeshaituma.

"Itatoka lini?"

"Huenda ikachukua mwaka, mzee. Watu wawili wataisoma kwanza, wanirudishie nirekebishe."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia nyundo zikigonga.

"Mwaka? Hii jahazi tutakuwa tumeshaishua. Ikitoka niletee, nisomewe sehemu yangu."