Himalayan na udongo wa Madale

Kila anayeiona pikipiki yangu ana maswali yaleyale, na mara nyingi kwa mpangilio uleule: CC ngapi, umenunua shilingi ngapi, inakula mafuta kiasi gani? La kwanza najibu haraka: 411. La pili nalikwepa. La tatu ndilo linaloleta ubishi, maana wakiliangalia tangi na ule mwili wanategemea nilalamike, kumbe lita moja inanifikisha kilomita 28, na nisipokimbia inagusa 30. Vijana wa kijiwe cha njia panda ya kwetu hawaamini hata kidogo. "Kaka, unatuficha," mmoja aliniambia, akainama kuichungulia injini kana kwamba jibu limeandikwa pale ubavuni.

Ni Royal Enfield Himalayan, ile ya mwanzo, siyo hii ya 450 iliyotoka mwishoni mwa 2023. Niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi na anarudi kwao. Kwa hela ile ningepata Vitz iliyochoka lakini inayotembea, na hilo nimekumbushwa nyumbani wakati wa chakula. Kubadili jina kwenye kadi, leseni daraja A (A1 inaishia kwenye pikipiki ndogo za CC 125), bima kubwa, hayo yote yalikwenda. Wakala wa bima ndiye aliyenichekesha.

"Ya biashara?"

"Hapana, binafsi."

Akanyanyua macho kutoka kwenye fomu. "Binafsi ya nini sasa?"

Jibu nilikuwa nalo siku ile. Ya kwendea Iringa. Niliinunua kwa ajili ya barabara ndefu: Morogoro asubuhi na mapema kabla malori hayajaamka, halafu zile kilomita 50 ambapo barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na vibao vinavyokutajia faini ya kila mnyama ukimgonga, halafu Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, halafu mlima Kitonga na kona zake. Tangi linabeba lita 15, kwa hiyo kwa hesabu za karatasini natoka Dar, naivuka Mikumi, na sheli sijaingia. Ramani hiyo naijua kwa kichwa. Iringa kwenyewe sijafika nayo.

Ila imeshanilipa, na imenilipia mahali ambapo sikuwa nimepafikiria: kile kipande kati ya lami na geti langu huku Madale, pembezoni mwa Dar.

Mtu wa Goba, wa Chanika, wa Msumi au wa Kinyerezi ya ndani nikimwambia hili haniulizi mara mbili. Barabara kubwa ni nzuri, hatukatai. Ukiiacha tu umeingia kwenye udongo, na udongo huo una historia. Masika imechimba mfereji katikati ya njia. Mwenye nyumba mmoja kamwaga kifusi mbele ya geti lake, mawe mengine saizi ya kichwa cha mtoto, akaondoka akiamini ameisaidia jamii. Mbele kidogo kuna mteremko ambao kiangazi una mchanga hadi kwenye kifundo cha mguu, na mvua ikinyesha unageuka utelezi ambao hata Noah ya jirani inalala huko chini hadi asubuhi. Nilipokuwa na gari dogo nilikuwa nafika nyumbani mabega yamekakamaa, nimesikiliza chini kukikwaruza njia nzima.

Sasa nafika pale lami inapoishia, nashusha gia hadi ya pili, nasimama kwenye vikanyagio, magoti yanalibana tangi kidogo, mikono naiacha ilegee. Gurudumu la mbele ni la inchi 21. Kubwa hivyo, halidumbukii kwenye shimo, linaupanda ukingo wake na kutoka, na shokapu ya mbele ina milimita 200 za kushuka kabla haijagota. Chini ya injini kuna milimita 220 za nafasi, kwa hiyo yale mawe ya kifusi yanapita huko chini na mimi naendelea na mawazo yangu. Kuna siku niliufika mfereji nikiwa naongea peke yangu kuhusu kikao cha ofisini, na nilishtuka nikiwa nimeshauvuka.

Injini nayo imeumbwa kwa mwendo huo. Ni silinda moja, na pistoni inasafiri urefu wa milimita 86 ndani ya tundu lenye upana wa milimita 78. Ukitaka ikimbie itakusikitisha, maana nguvu za farasi ni 24 na ushee tu, na barabarani ukishafika kilomita 110 kwa saa inakuonyesha kwamba yaliyobaki ni kulazimishana. Lakini huku chini, kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika, msuli wote uko tayari. Inapanda mteremko wetu polepole, tuk tuk tuk, bila kupiga kelele na bila mimi kuichezea klachi. Mlinzi wa jirani, mzee wa Kimakonde asiyevutiwa na vitu kirahisi, aliitazama ikipanda akasema, "Hiyo ina pumzi." Hakuongeza neno.

Kwenye foleni ni habari nyingine, na hapa sitaki kumdanganya mtu anayepanga kununua kwa sababu amechoka kukaa Mwenge. Hii si dawa ya foleni. Usukani ni mpana, pembeni mwa tangi kuna mabomba ya kufungia mizigo, na ikiwa na mafuta ina kilo 199. Boxer, ile pikipiki ya bodaboda, inapenya kati ya daladala na lori la mchanga kwa nafasi ambayo mimi nikiingia natoka bila saiti mira. Barabara ya Bagamoyo, pale palipobanwa na ujenzi wa njia ya mwendokasi, nasimama nyuma ya magari kama mwenye gari, huku bodaboda zinanipita kulia na kushoto, na wengine wanageuka kuniangalia kwa huruma. Kuna mmoja aliniita "mkuu" halafu akanishauri niweke tela.

Na joto. Injini inayopozwa kwa upepo inataka upepo, na Tegeta saa kumi na moja jioni mwezi wa pili hakuna upepo. Paja la kulia linaiva. Nimeanza kupita Goba na Makongo na kutokezea upande wa chuo kikuu; ni mzunguko, ila mwendo haukatiki sana, na kuna matuta na rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, ambazo kwa pikipiki hii ni burudani tupu. Wenzangu wote wanafunga breki, mimi nanyanyuka kidogo na kupita. Tochi za trafiki hazinihusu kivile. Mjini mwisho ni 50, na 50 ndiyo spidi inayoipenda zaidi.

Mama aliambiwa na watu kabla sijamwambia mwenyewe. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia umenunua bodaboda."

"Siyo bodaboda mama, ni pikipiki ya safari, ina breki za ABS, ni nzito, imetulia..."

"Ikianguka inajua hilo?"

Sikuwa na la kusema, na hadi leo sina. Kwake yeye pikipiki ni wodi za MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na vijana wenye vyuma miguuni, na hajakosea, sote tuna ndugu aliyelala kule. Nilichoweza kumpa ni ahadi ya helmeti nzuri, koti lenye pedi, na kutokuendesha usiku nje ya mji. Koti lenyewe kwa hali ya hewa ya Dar ni adhabu, nalivaa hivyohivyo. Alimalizia kwa kusema ataniombea, kwa ile sauti yake ambayo maana yake mjadala haujafungwa.

Namba yangu ni ya njano, ya mtu binafsi, lakini barabarani nani anaangalia rangi ya namba. Tegeta Kibaoni nimesimama pembeni kupokea simu, dada mmoja kaja mbio na mkoba wake, kashakamata bega langu: "Mwenge, buku mbili." Nikamwambia dada, hii siyo boda. "Kwani siyo pikipiki?" Ni pikipiki. "Haya sasa!" Kwa kweli hoja yake ilikuwa nzima. Ningempeleka bure, njia ilikuwa moja, ila helmeti nilikuwa nayo moja tu, ya kichwani kwangu. Alinitazama kama mtu mwenye roho mbaya, akapanda Boxer iliyokuwa nyuma yangu.

Kwa fundi nilikwenda na wasiwasi. Kwangu hapa mtaani fundi ni yule wa bodaboda, ana kibanda, boksi la spana na redio. Aliizunguka, akafuta vumbi kwenye kichwa cha injini kwa kidole, akauliza vali ziko ngapi. Mbili. Tapeti zake zinarekebishwaje? Kwa skrubu na nati. Uso ukamfunguka. "Bosi, hii ni Boxer iliyoshiba," akasema, na tangu hapo hana hofu nayo. Oili inakwenda kama lita mbili, mara mbili ya alizozoea kumwaga kwenye nyingine, na kwa hilo alisikitika kwa niaba yangu. Vipuri vyake halisi si vitu vya kuokota kila duka, pedi za breki na filta nimeagiza mapema nikaweka ndani. Tyubu ya mbele ndiyo iliyonipa raha: inchi 21 hiyohiyo ipo Kariakoo bila shida, kwa sababu Honda XL na Yamaha DT za mabwana shamba zimetembelea rimu ya saizi hiyo miaka na miaka. Muuzaji hata hakuuliza ni ya pikipiki gani. Rimu zangu ni za spoki, tairi zina tyubu, kwa hiyo pancha itazibwa na fundi yeyote mwenye gundi kuanzia hapa hadi Songea, na hilo kwangu lina thamani kuliko rimu za kisasa.

Kazi ninayoipenda ni cheni. Jumapili jioni naipandisha kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma linaning'inia, nalizungusha kwa mkono wa kushoto na kwa kulia nina mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Vumbi la Madale likichanganyika na oili linakuwa uji mweusi uliojibana kati ya pingili, na ukiona pingili ya kwanza imerudi kung'aa huwezi kuacha hadi umalize zote. Mwanangu ndiye mwenye dhamana ya kushika kopo. Mzee jirani, akitoka msikitini, hupita kuangalia. Siku moja nikamwonyesha dira iliyoko kwenye dashibodi. Akaniomba niigeuze pikipiki hadi itokee herufi ya kaskazini, akasimama pembeni akalinganisha na paa la msikiti, maana huku kwetu kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Aliridhika na msikiti. Kuhusu dira alisema iko sawasawa pia.

Safari ya kujivunia hadi sasa ni Kimbiji. Nilivuka kwa pantoni pale Magogoni, tumebanana, na mzee mwenye kuku wawili akayashika mabomba ya tangi langu kana kwamba yaliwekwa kwa ajili yake. Kibada, Mwasonga, kisha bahari. Njia ya udongo mgumu ilikuwa tamu kiasi kwamba nilirudia kipande kimoja makusudi. Mchanga wa karibu na ufukwe ndiyo ulionikumbusha zile kilo 199. Nilitoa upepo kidogo kwenye tairi zote, nikasogeza uzito nyuma, macho mbali, mafuta nikayashikilia palepale bila kuongeza wala kupunguza, na usukani ukawa unacheza unavyotaka. Tulipita, lakini shati lilikuwa limelowa kama nimeingia baharini nalo. Anayetaka kucheza kwenye mchanga kila wiki atafute kitu chepesi.

Iringa nasubiri masika ipite, na tairi la nyuma nalibadili kabla. Bagamoyo ni karibu zaidi. Mama watoto, ambaye kwa wiki kadhaa hakutaka hata kuigusa, kasema atapanda hadi huko kwa masharti: nisizidi 60, nisipite lori, na tukale Bagamoyo kwa hela yangu. Tulikwenda kumnunulia helmeti. Akajaribu zote dukani, akachagua yenye kioo cheusi, na bei yake imeizidi ya kwangu.