Nilivyotafuta kura za udiwani katika ranchi za mbali

Nilipogombea udiwani bila chama, ukanda wa ranchi ndio uliokuwa ukirukwa na wagombea wengine, kwa kuwa nyumba zimetawanyika kiasi kwamba asubuhi nzima huweza kuishia kwa familia moja. Mimi nilianza na ratiba ya minada ya mifugo, nikapanga safari zangu zote kwa kuifuata. Mnadani sikuhutubia kabla ya mauzo kwisha, maana mtu anayesubiri bei ya ng'ombe wake hana masikio ya siasa.

Kwenye ranchi zenyewe nilifika saa ya kunywesha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ahadi ya "maji kwa wote" haimtikisi mfugaji. Ng'ombe mkubwa anaweza kunywa zaidi ya lita 50 katika siku ya joto kali, hivyo kundi la ng'ombe 200 hupita lita 10,000, na anachotaka kujua mwenye kundi ni nani atakayetengeneza pampu ikikwama katikati ya kiangazi.

Swali gumu zaidi lilikuwa la karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka, minada hufungwa na mifugo huzuiwa kuhamishwa, hata ile iliyo mizima, na mwenye ada ya shule ya kulipa hubaki na mali asiyoweza kuiuza. Nilikataa kuahidi kwamba ningefungua minada, kwa sababu diwani hana mamlaka hayo. Niliahidi kudai chanjo ifike kabla ya mlipuko na taarifa za karantini zitolewe mapema. Baadhi yao walinuna. Mzee mmoja aliyenibana kwa maswali kuliko wote ndiye aliyekubali baadaye kuwa wakala wangu kituoni.

Jambo ambalo wagombea wengi hulipuuza, kwa maoni yangu, ni wachungaji. Mwenye ranchi ana kura moja kama mchungaji wake, ila ndiye anayepewa mkono na kiti. Niliomba kuzungumza na wachungaji peke yao, malishoni, na kero zao zilikuwa nyingine kabisa: mishahara inayochelewa, zahanati iliyo mbali, na kuandikishwa kupiga kura mahali walikokwishahama. Hilo la mwisho tulilishughulikia kabla daftari la wapiga kura halijafungwa, kwa kuwapeleka wenyewe wakahamishe taarifa zao.

Mjini nilishindwa. Vituo vya ukanda wa ranchi vilifidia pengo hilo, kwa tofauti ndogo.